Lango Lililobaki Nje ya Ua

Nimezeeka na bado sijajua kuomboleza kama watu wengine. Wenzangu tuliotoka nao Homa Bay walishuka garini wakilia, mimi nikashuka nikitafuta kamba. Waya Akeyo alikuwa bado mochari, Migori mjini. Waya ndivyo tunavyomwita dada ya baba, na huyu nilimwita hivyo kwa mapenzi, si kwa ukoo tu. Chini ya hema, mbele ya nyumba kubwa, wazee walikuwa wanabishana atazikwa wapi, nami nilikuwa nimechutama kando ya nyumba yake ndogo ya langoni, nikipapasa ukuta na kuupima, vile nilivyoupima nikiwa msichana. Mke wa binamu yangu alinipita na birika la chai akaniangalia weee, halafu akasema, "Anti, watu watasema umeanza kugawa mali." Nikamwambia waache waseme. Nilikuwa nataka kujua jambo moja tu, na nimelitaka tangu mwaka ule niliokaa hapa: hii nyumba iko ndani au iko nje?

Usidhani ni swali la mtu asiye na kazi. Kwetu Waluo, binti akishaolewa, kwa baba yake anakuwa mgeni wa heshima. Akirudi na mizigo yake, hajengewi nyumba ndani ya boma la baba, na akifa hazikwi humo. Tunamwita migogo, na neno hilo wakati mwingine hutamkwa kwa furaha na wakati mwingine kwa kukunja pua. Waya alirudi kutoka kwa mume wake upande wa Ndhiwa kabla mimi sijamaliza shule, na hakwenda tena. Sasa watu wa Ndhiwa walikuwa wamepiga simu kusema aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, hawana kaburi lake. Wazee wetu nao wanasema migogo ni migogo. Mmoja alikuwa ameshatoa wazo la makaburi ya umma kule mjini, wanakolazwa wasio na mtu. Waya alikuwa ameniomba kitu kimoja hospitalini, mara mbili, akinishika kidole kama mtoto: "Msinipeleke kulala na watu nisiowajua." Ndiyo maana nilikuwa chini pale na kamba, kwa sababu kulia ningeweza kulia baadaye.

Mwaka ninaousema ni ule niliomaliza kidato cha nne nikawa nasubiri matokeo. Nyumbani niliambiwa niende nikakae na Waya nisije nikaharibikia sokoni. Nilitarajia kibanda. Nikakuta kitu ambacho hadi leo, baada ya maisha yangu yote ya kuchora majengo ya watu, sijaona cha kufanana nacho. Shamba lile zamani lilikuwa la Mzungu mmoja aliyekuja kutafuta dhahabu, na alipoondoka babu akalinunua. Nyumba kubwa iko juu kilimani. Huku chini, pale njia ya shamba inapokutana na barabara ya Karungu, Mzungu alijenga nguzo mbili za mawe, akatundika lango la chuma, na pembeni ya lango akaweka nyumba ya bawabu. Ukiitazama kutoka barabarani unavua kofia. Mawe yamechongwa yakakaa sawa, madirisha yana vichwa vya mviringo, na juu ya paa limesimama bomba la moshi refu utadhani ndani kunaokwa mikate. Ukizunguka nyuma unaanza kucheka. Nyuma ni tope na fito, kama nyumba ya mtu yeyote. Lile bomba nililipandia siku ya tatu, nikachungulia, nikakuta halina shimo. Ni jiwe tupu kuanzia juu hadi chini. Nilishuka nikamwambia Waya kwamba bomba lake ni la uongo, naye bila kuacha kuchagua omena, wale dagaa wa ziwani, akasema, "Kwani ulifikiri Mzungu alitaka bawabu wake apate joto? Alitaka wageni wake waone bomba."

Vyumba vilikuwa viwili. Cha mbele kilitokeza barabarani, na kuta zake zilipindapinda ili kiwe na madirisha matatu: moja la kutazama wanaotoka Migori, moja la kutazama wanaotoka ziwani, na moja la katikati la kutazama anayesimama langoni. Sijawahi kukaa chumba chenye maneno mengi kama kile. Kwa dirisha la kwanza unaanza kuwasikia watu wakija, kwa la katikati unawasikia vizuri, kwa la tatu wanaondoka na hadithi yao, nawe unabaki na kipande tu. Wanawake wa omena kutoka Karungu walipita asubuhi na mabeseni wakisemana kuhusu wanaume wa mitumbwi. Vijana wa kuchimba dhahabu wa Osiri walipita wakiwa wekundu kwa vumbi mpaka kope, wakiapa kwamba wiki hii lazima mwamba utoe. Siku moja mwanamke mmoja alipita akisema, "Basi nikamwambia, kama ni hivyo, chukua na mlango," na mpaka leo sijui ni mlango gani wala nani aliambiwa auchukue. Waya naye alikuwa anakisia. Tulikaa tukila omena waliokaangwa na nyanya halafu wakamiminiwa maziwa yaliyoganda kidogo, ugali wa mtama umewekwa katikati, na tukaishi wiki nzima kwa huo mlango wa watu.

Chumba cha nyuma kilikuwa upande wa shamba. Humo ndimo tulipopika na kula. Kilikuwa na ubaridi mzuri, kwa sababu tope halishiki jua kama jiwe, na mwembe wa jirani ulikitupia kivuli mchana kutwa. Lakini kulala, Waya alilala chumba cha mbele, kwenye joto na vumbi na makelele ya malori. Nililala naye huko nikitokwa jasho, na kila nikitaja kuhamisha kitanda alijifanya hajasikia. Mimi kitu nisichokielewa huniwasha kama upele. Nilipata kamba ya katani, nikaifunga mafundo kila futi moja, nikaanza kuipima nyumba na kuichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Nilipochora ukuta mfupi wa mawe uliozunguka shamba, ule uliokuja kutoka upande mmoja ukagusa nyumba, kisha lango likaendelea upande wa pili, niliona kitu kilichonifanya nikae chini. Ukuta ule ukiunyoosha unapita katikati ya nyumba, palepale palipo na ukuta wa kugawa vyumba. Chumba cha mbele chote kiko nje ya shamba. Cha nyuma chote kiko ndani.

Nikampelekea Waya ule mchoro. Aliuangalia muda mrefu, akaugeuza, akaugeuza tena, kisha akacheka kwa kifua kama mtu aliyekutwa na kitu mfukoni. "Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, "umenivua nguo. Mimi nalala kwa barabara, nakula kwa baba. Wakisema migogo analala ndani ya boma, nawaambia njooni muone kitanda kiko wapi." Akanipeleka hadi kwenye mlango wa kati, akanionyesha upande wa shamba, ambapo palikuwa na alama ndefu ya kutu kwenye ubao. "Hapa palikuwa na komeo. Unajua la nini?" Sikujua. Akaniambia kile ambacho babu aliwaambia wao: bawabu wa Mzungu aliruhusiwa chumba cha nyuma, lakini mke wake na watoto wakija kumwona waliishia chumba cha mbele, na komeo lilifungwa kutokea ndani ili wasilale shambani. Nyumba ilijengwa hivyo makusudi, imkate mtu katikati. "Mimi nilipoingia," Waya akasema, "nililing'oa lile komeo nikalipiga upande wangu wa kulala." Nilitazama, na kweli, lilikuwa pale upande wa barabara, limepakwa mafuta ya kupikia ili lisilie. Nadhani kazi yangu yote niliyofanya maishani ilianza kwenye ubao ule. Nilielewa kwamba jengo halijengwi tu, linamwambia mtu akae wapi, na kwamba mtu naye anaweza kulijibu.

Mwenye boma wakati huo alikuwa Baba Mkubwa Odongo, kaka yake mkubwa Waya, aliyebaki juu kilimani baada ya babu kufa. Si mtu mbaya, nilisema hivyo wakati ule na bado nasema. Alikuwa mtu wa kusikia watu wanasema nini. Alikuwa akishuka jioni na fimbo yake anasukuma mlango wetu, anaingia, anaketi, anafunua chungu. Hakuwahi kupiga hodi hata siku moja. Nilimwuliza Waya mbona huyu haombi ruhusa, nisije nikawa naoga siku moja. Akanijibu kwamba mtu hapigi hodi kwenye lango la baba yake. "Hodi ni ya kwa mwenyewe," akasema, na akaendelea kukoroga uji. Nilidhani ni maneno tu.

Kisha akaja Bwana Swaleh. Alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani mwenye duka la misumari, mabati na makarai huko Migori mjini, na alitaka ghala karibu na Osiri ili wachimbaji wasisumbuke kwenda mbali. Baba Mkubwa alikuwa amemwahidi ile nyumba ya langoni bila kutuambia neno. Nilikuwa kwenye dirisha la katikati nikamwona akisimama nje ya lango, kofia nyeupe, viatu vimeng'aa licha ya vumbi. Lango lilikuwa wazi kabisa. Hakuingia. Akasema, "Hodi." Akangoja. Akasema tena, "Hodi, wenyewe." Waya alikuwa nyuma akipepeta mtama. Alisimamisha ungo hewani, na mtama ukamwagika kidogo miguuni kwake. Mara ya tatu ndipo akajibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Karibu, baba. Karibu ndani."

Tulimpa uji wa wimbi, akaunywa wote, akausifia. Alipomaliza akauliza kwa adabu ni lini tunahama. Waya akamwuliza nani ahame. Mgeni akaangalia kitanda, akaangalia vyombo vilivyopangwa, akaniangalia mimi na kamba yangu ya mafundo. "Mama, niwie radhi," akasema. "Mimi nimeambiwa nyumba ni tupu. Nyumba yenye moto jikoni haiitwi tupu." Baba Mkubwa alipofika akihema kutoka kilimani, Bwana Swaleh alikuwa tayari amesimama. Walisemezana pale nguzoni, nami nilisikia yote kwa dirisha. Baba Mkubwa alisema, "Huyo ni dada yangu tu, atatoka, usijali." Bwana Swaleh akamwambia, "Mzee Odongo, ghala nitapata. Mimi simtoi mtu kwake." Akaagana nasi kwa mkono kifuani akaenda zake. Waya alirudi kwenye ungo wake, akapepeta muda mrefu kuliko mtama uliokuwepo, kisha akasema polepole, "Huyo ndiye mtu wa kwanza kunipigia hodi tangu nirudi." Alikuwa analia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Baba Mkubwa hakulala vizuri na hilo, naweza kusema. Alishuka kesho yake akasimama mlangoni, safari hii bila kuketi. "Akeyo, haya maneno tuyamalize. Watu wanaongea. Migogo hakai ndani ya boma, wewe unajua."

"Mimi silali ndani," Waya akasema. "Muulize huyu mtoto, amechora."

"Unapika ndani. Unakula ndani. Mkataa pema, pabaya panamwita. Ulikuwa na nyumba Ndhiwa."

"Pabaya ndipo nilipotoka, kaka. Hapo pema hujanionyesha bado."

Alichora chini kwa fimbo. Kisha akasema maneno ambayo nadhani aliyafikiria njia nzima akishuka. "Kama nyumba ni nusu ndani, basi nitaitoa yote nje. Ukibaki barabarani kama kioski, tutaona utakaa siku ngapi."

Akaleta watu. Walibomoa ule ukuta mfupi wa mawe pande zote mbili, mawe yakaenda kujenga zizi la ng'ombe wake aliowanunua huko Ogwedhi. Wakapiga ua mpya nyuma yetu, hatua kadhaa kuelekea kilimani, nguzo na seng'enge na miche ya ojuok, ile yenye utomvu mweupe wa kupofusha macho. Mbele zaidi wakafungua lango jipya la mbao la kwake. Nilitazama kazi yote nikiwa na hasira na pia, nisidanganye, nikiwa na hamu ya kuona wataunganishaje seng'enge na kona. Likabaki jambo moja, lile lango la zamani. Baba Mkubwa aliwaambia wabomoe nguzo na kung'oa chuma. Wale watu wakatazamana. Mmoja wao akaweka sururu chini akasema, "Mzee, mwili wa baba yako ulipita hapa ukienda kuzikwa. Hii mkono yangu haitaivunja." Mwingine naye akajipangusa mikono. Baba Mkubwa aliangalia zile nguzo. Hakuna mtu wetu ambaye angelibomoa lango hilo, na yeye pia hakulibomoa. "Acheni," akasema. "Liacheni lioze hapo."

Wakaondoka. Mimi nilikuwa nimevunjika moyo. Niliona tu kwamba tumetupwa nje, na nikaanza kufunga nguo zangu. Waya alikuwa amesimama uani, kati ya nyumba na ule ua mpya, kipande cha ardhi cha kutosha migomba michache na kuku. Alitazama ua wa nyuma. Akatazama ukuta wa nyumba. Akatazama lango. Aliligusa, akalisukuma taratibu mpaka likafungika, nalo likalia bawaba zote kwa sababu halikuwa limefungwa tangu Mzungu. Akasimama na mgongo kwenye chuma, upande wa ndani. "Nyathina," akasema, "kaka yangu amechukua ua, ameacha lango." Sikuelewa. Akanieleza kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: boma letu ni lango. Mwanamume akitaka kuanza dala yake, nyumbani pake mwenyewe, kitu kinachomfanya awe mwenye dala ni lango linalofunguka kwake. Ua hata kichaka ni ua. "Alitaka kunitoa kwa baba," akasema, "sasa amenitoa kabisa. Mimi siko kwa baba. Niko kwa nani?" Kisha akanituma nje. Nilidhani ananituma sukari. Akasema, "Hapana. Nenda hapo barabarani usimame, halafu upige hodi."

Nilienda nikasimama kama mjinga, wanawake wa omena wakipita. Nikasema hodi. Nikasema tena. Nilimsikia akikohoa, akijitengeneza koo. "Nani?" akauliza. Nikasema ni mimi. "Karibu," akasema, "karibu kwangu," na akafungua. Jioni ile tulihamisha kitanda, mimi nikishika miguuni na yeye kichwani, tukakitoa chumba cha barabara tukakiingiza chumba cha nyuma. Alilala kama mtu aliyepigwa. Mimi sikulala kwa kuwaza, nikaamka nikachora nyumba upya kwenye upande uliobaki wa kalenda.

Aliishi pale maisha yake yote yaliyobaki. Migomba ilizaa. Baba Mkubwa, tangu siku ile, hakuvuka lango lile. Alimsalimia dada yake kutoka barabarani, akiwa amesimama, habari ya leo, nzuri, basi, na akapita. Sisi watoto tulisema ni kiburi. Waya alisema, "Mwacheni. Hajui aingie vipi." Nilisoma, nikafanya kazi, nikachora nyumba za watu wenye fedha, na kila mteja aliponiambia anataka lango kubwa nilimwuliza nani atapigiwa hodi hapo. Walidhani ni mzaha wa mama mzee.

Basi ndiyo maana nilikuwa nimechutama juzi na kamba. Wazee walikuwa wameanza kusema kwamba ile nyumba bado ni ya boma la zamani, kwamba mwanamke asiye na mume wala mtoto wa kiume hana dala, kwamba lango lile ni kumbukumbu tu ya marehemu baba. Nilikuwa natafuta mahali ukuta wa mawe ulipogusana na nyumba. Nikapapata, chini ya plasta: kovu refu, mawe yaliyokatwa yakiwa bado yametoa meno. Pale ndipo mpaka wa babu ulipokuwa. Kutoka pale hadi kwenye ua wa Baba Mkubwa hakukuwa na ardhi ya mtu isipokuwa ya aliyefungiwa humo. Nilikuwa na jibu langu, na nilijua pia kwamba halitoshi. Wazee hawaongozwi na kamba ya mwanamke. Neno lilikuwa la Baba Mkubwa, ambaye sasa haoni vizuri na husikia anachotaka, na alikuwa hajasema lolote tangu asubuhi.

Mchana gari la mochari lilipiga honi kule kona. Watu wakainuka chini ya hema. Nikawaona wanashuka, Baba Mkubwa mbele, ameshikwa mkono na mkaza mwanawe, wazee nyuma yake wakiendelea kubishana kwa sauti za chini, na vijana na majembe wakingoja kuambiwa waende wapi, mjini au wapi. Walipotoka kwenye lango la mbao hawakuja moja kwa moja nyuma ya nyumba. Baba Mkubwa alimwelekeza mkaza mwana kwa fimbo, wakazunguka hadi barabarani. Mimi nilikuwa bado ndani ya uwanja wa Waya, peke yangu, magoti yamejaa udongo. Lango la chuma lilikuwa limeegeshwa tu, kidole kingetosha kulifungua. Baba Mkubwa akafika hapo akanyoosha mkono, akalipapasa chuma, akausimamisha mkono. Umati wote ukasimama nyuma yake. Akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Gari lilikuwa limezima injini. Niliangalia nyuma yangu kana kwamba Waya angetoka na ungo, na ndipo nikaelewa kwamba hakuna mtu mwingine ndani isipokuwa mimi.

"Hodi," akasema tena. Akangoja, kama alivyongoja Bwana Swaleh, bila kusukuma.

"Karibu, Baba Mkubwa," nikasema. "Karibu kwake."

Nikamfungulia. Aliingia akiinamisha kichwa, ingawa nguzo zile ni ndefu na hakuna cha kumgonga. Mzee mmoja nyuma, wa wale waliotaja makaburi ya mjini, akamvuta mkono wa koti akauliza, "Sasa mzee, hujatuambia. Tunamzika wapi?"

Baba Mkubwa akageuka kumtafuta kwa macho yale yasiyoona.

"Kwani hamkunisikia nikipiga hodi?" akasema.